Rangi Iliyofichwa Chini ya Rangi: Habari za Matrekta Madogo ya Bustani

Katika mji wa Charleston, jimbo la West Virginia huko Marekani, miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, aliishi mpiga picha aliyeitwa Benjamin Franklin Gravely, ambaye riziki yake ilitoka katika kamera na sura za watu wa mji wake, lakini mapenzi yake yalikuwa katika bustani. Na kwa kuwa jembe la mkono lilimchosha, na farasi alikuwa gharama kubwa mno kwa mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi, alichukua viungo vya pikipiki kuukuu, akavifunga katika jembe la kusukuma kwa mikono, akajaribu na kurekebisha mwaka baada ya mwaka mpaka akapata chombo chenye gurudumu moja kilichojivuta chenyewe udongoni, huku yeye akikifuata nyuma na kuishika mipini yake. Mwaka 1916 serikali ya nchi yake ilimpa hati ya kuuhifadhi uvumbuzi huo, na mwaka 1922 kazi ya kukitengeneza kwa ajili ya kuuza ikaanza katika mji wa Dunbar, jirani na Charleston. Wako waianzao tarihi ya trekta la bustani baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati matajiri wa viwanda vikubwa walipoingia katika biashara hiyo. Mimi naona ni haki kuianza kwa mpiga picha huyu, kwa sababu aliyoyafanya nyumbani kwake, kwa vyuma alivyookota na kwa saa za faragha baada ya kazi ya kutwa, ndiyo yaleyale wayafanyayo leo watu wanaoyafufua matrekta hayo katika mabanda yaliyo nyuma ya nyumba zao.

Chombo cha Gravely kilimtaka mwenyewe atembee nyuma yake. Waliotaka kukaa kitako na kushika usukani waliwapata watu wa kuwasikiliza katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, ambako mwaka 1946 Elmer Pond na mwanawe Cecil walianza kuunda matrekta madogo yaliyokuja kujulikana kwa jina la Wheel Horse. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na mtaji wao ulikuwa mdogo, basi wakaenda katika majalala ya motokaa mbovu kutafuta giaboksi na ekseli, wakazikata na kuzifupisha, wakazitia katika fremu walizozichomelea wenyewe. Njia hiyo ilikuwa na kikomo chake, maana jalala halimwahidi mtu kwamba kesho litakuwa na kile lilichokuwa nacho leo; na biashara ilipostawi ikawalazimu kubuni giaboksi yao wenyewe, fupi na imara, iliyounganishwa na ekseli katika umbo moja. Matrekta yao yalipakwa rangi nyekundu, na wekundu huo ukawa alama yao kwa miongo mingi.

Wateja walitoka wapi? Mwaka 1944 Marekani ilitunga sheria ya kuwasaidia askari wake warudipo vitani, na miongoni mwa manufaa yake ilikuwa ni mkopo wa nyumba uliodhaminiwa na serikali. Miaka mitatu baadaye, katika mashamba ya viazi ya Long Island, karibu na New York, William Levitt na jamaa zake walianza kuujenga mtaa wa Levittown, ambao ulipokamilika mwaka 1951 ulikuwa na nyumba zaidi ya 17,000, zote zikifanana, kila moja ikiwa na uwanja wake wa majani. Na hati za nyumba hizo zilimtaka mwenye nyumba ayakate majani yake angalau mara moja kwa juma tangu katikati ya Aprili hadi katikati ya Novemba. Viwanja vya Levittown vilikuwa vidogo, na mashine ya kusukuma ilitosha. Lakini mfano ulikuwa umekwisha kuwekwa, na wale waliojaliwa uwezo zaidi wakaenda mbali zaidi na mji, wakanunua ekari moja, mbili, hata tano, wakajikuta na ardhi iliyo kubwa kuliko nguvu za mikono na ndogo kuliko haja ya trekta la shamba. Wengi wao walikuwa watoto au wajukuu wa wakulima, waliokuwa wameacha kilimo lakini hawakuacha kulitamani trekta.

Kampuni za zana za kilimo ziliyaona hayo, na ziliyaona kwa wakati mzuri, kwa kuwa mashamba ya Marekani yalikuwa yakipungua idadi na mawakala wao wa vijijini walihitaji bidhaa nyingine ya kuuza. International Harvester ilikuwa na trekta dogo la shamba lililoitwa Cub, lililotoka mwaka 1947 katika kiwanda chake cha Louisville, jimbo la Kentucky. Mwaka 1960 mafundi wa kampuni hiyo waliichukua giaboksi ya Cub ileile, iliyoundwa kuvuta plau kondeni, wakaitia katika trekta dogo zaidi lenye nguvu za farasi 7, wakaliita Cub Cadet. Katika muda wa miaka mitatu ya umbo lake la kwanza yaliuzwa zaidi ya 60,000. Allis-Chalmers ikafuata mwaka 1961 kwa trekta lililoundwa na Simplicity ya Port Washington, jimbo la Wisconsin. John Deere ikatoa namba 110 mwaka 1963, kutoka kiwanda cha Horicon, jimbo hilohilo, kilichokuwa kikiunda mashine za kupandia nafaka. Na Case ikajiunga mwaka 1964 kwa kuinunua kampuni ndogo iliyoitwa Colt, ikawa na matrekta yaendeshwayo kwa msukumo wa mafuta ndani ya mabomba.

Injini za mengi katika matrekta hayo zilitoka kwa Kohler, na habari za nyumba hiyo zastahili kusimuliwa japo kwa mukhtasari. John Michael Kohler aliingia katika biashara ya kusubu chuma mjini Sheboygan, Wisconsin, mwaka 1873, akatengeneza majembe na mabirika ya kunyweshea wanyama. Mwaka 1883 alilitia moto birika moja la chuma mpaka likaiva, akalinyunyizia unga wa kioo cheupe ulioyeyuka na kugandamana nalo, akalitia miguu minne na kuliuza kuwa hodhi la kuogea. Warithi wake walianza kuunda injini mwaka 1920, na waliwaza chuma kama baba yao alivyokiwaza: injini ya silinda moja waliyoitoa baada ya vita, ambayo trekta la bustani liliitegemea, ilikuwa pande la chuma cha kusubu, zito, lenye kuta nene zinazokubali kuchongwa upya pistoni inapolegea. Wakati huohuo watengenezaji wengine walikuwa wakigeukia aluminiamu, iliyo nyepesi na rahisi. Uzito ule wa Kohler ndio sababu kubwa ya kuwa leo, baada ya miaka sitini, iko injini iliyoachwa chini ya mti kwa muda mrefu, ambayo fundi akiipatia valvu zilizosagwa vizuri, pete mpya za pistoni na kabureta iliyosafishwa, huwaka.

Sasa nije katika rangi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Katika nchi ya wakulima wa Marekani rangi ya trekta haikuwa pambo, ilikuwa nasaba. International iliyapaka matrekta yake rangi ya kijivu mpaka Novemba mwaka 1936, ilipoyageuza kuwa mekundu. Kijani na manjano vilikuwa vya John Deere, na nyumba iliyotumia rangi moja aghalabu haikununua kwa wakala wa rangi nyingine, baba wala mwana. Kwa hiyo haikuwa jambo dogo kwamba Cub Cadet, mtoto wa ukoo mwekundu, alizaliwa na rangi ya manjano na nyeupe. Nionavyo mimi, kampuni ilikuwa ikimwambia mteja wa kitongojini kwamba chombo hiki ni chake yeye, hakikutoka kondeni, na kinaweza kusimama karibu na gari la familia bila ya kulitia haya. Ilhali ndani yake, chini ya bati, kilibaki na giaboksi ya mkulima.

John Deere ilikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1969 na 1971 iliuza matrekta yake ya bustani katika sura mpya kabisa: mwili mweupe, na boneti na kiti katika moja ya rangi nne alizopewa mteja achague, nyekundu, manjano, buluu na rangi ya chungwa. Wateja wa mawakala wa John Deere walikuwa wamekulia katika kijani. Waliyatazama matrekta yale meupe yenye viti vya buluu, wakapita. Yakakaa madukani msimu baada ya msimu, na baadhi ya mawakala, walipochoka kungoja, waliyapeleka nyuma ya duka, wakayapiga rangi ya kijani na kuyauza kama mengine. Tendo hilo lililofanywa kwa haraka, kwa nia ya kuokoa mtaji, limewaachia watu wa leo amana ya ajabu, maana matrekta yale yaliyokataliwa ndiyo yanayotafutwa sasa kuliko ndugu zake wa kijani, na baadhi yake yangali yamejificha ndani ya joho yalilovikwa na wakala wa zamani.

Zama za matrekta hayo hazikudumu. Wheel Horse ilinunuliwa na kampuni ya motokaa ya American Motors mwaka 1974, na mwishoni mwa mwaka 1986 ikaingia mikononi mwa Toro. John Deere iliacha kuunda namba 110 mwaka 1974 na kuleta umbo jingine. International, iliyodhoofishwa na madeni na mgomo wa wafanyakazi uliodumu karibu miezi sita tangu Novemba mwaka 1979, iliiuza Cub Cadet kwa kampuni ya MTD mwaka 1981. Katika maduka makubwa zikajaa mashine za bati jepesi zilizouzwa kwa bei ndogo na kuchakaa mapema, na matrekta ya chuma cha kusubu yakasukumwa pembezoni. Baba alipofariki, watoto walilikuta trekta limekaa bandani, tairi zimepasuka, panya wamefanya kiota chini ya boneti, kutu imekula madigadi. Wakalitoa bure kwa yeyote aliyekubali kulibeba.

Mwenye kulibeba ndiye niliyemkusudia katika sehemu hii. Aghalabu si fundi wa kuajiriwa. Ni mwalimu, karani, dereva au mstaafu, na karakana yake ni banda la gari lenye taa moja na meza ya mbao. Kazi yake ya kwanza ni kulifungua trekta lote mpaka fremu ibaki tupu, na hapo subira hujaribiwa, kwa sababu bolti iliyokaa nusu karne haifunguki kwa hasira: hutiwa mafuta ya kulegeza kutu, huachwa usiku, hupashwa moto, hugongwa kidogo, hurudiwa. Kila bolti na nati hutiwa katika mfuko wake na kuandikwa ilipotoka, na kila hatua hupigwa picha, ili siku ya kuunganisha asibaki mtu na kipande asichokijua mahali pake.

Kwa kutu iliyozama ndani, wengi hutumia njia ya umeme, nayo ni nzuri kuitazama. Pipa la plastiki hujazwa maji, hutiwa magadi ya kufulia kiasi cha kijiko kimoja kwa kila galoni, na kipande chenye kutu huning'inizwa katikati bila kugusa chuma kingine. Kandoni husimamishwa vyuma vikuukuu visivyo na thamani. Chaja ya betri ya volti 12 huunganishwa, waya wa hasi katika kipande kinachotibiwa na waya wa chanya katika vyuma vya kandoni, na ole wake mwenye kuzigeuza waya hizo, kwa kuwa kitakacholika ni kile alichotaka kukiokoa. Baada ya muda mfupi mapovu madogo huanza kupanda kutoka katika kipande, maji hubadilika kuwa na povu la kahawia, na asubuhi kipande hutoka kimevaa unga mweusi unaofutika kwa brashi, chuma chake kikiwa hakikupungua, jambo ambalo msasa na tindikali haviwezi kuliahidi. Mapovu yale ni hidrojeni, hushika moto, kwa hiyo pipa huwekwa mahali pa wazi. Chuma kisichoshika kutu hakitumiwi kandoni, kwani hutoa sumu ya kromiamu katika maji. Na kabureta ya aluminiamu haitiwi humo kamwe, maana magadi yataila.

Rangi ya zamani nayo ina hatari yake. Manjano na rangi ya chungwa za miaka ile aghalabu zilipata ung'avu wake kutokana na risasi, na anayezipiga msasa mkavu katika banda lililofungwa huila risasi hiyo kwa pumzi yake na kuwapelekea watoto wake ndani kwa nguo alizovaa. Msasa hutumiwa pamoja na maji, barakoa huvaliwa, vumbi hufutwa kwa kitambaa chenye maji wala halifagiliwi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona picha nyingi za watu waliosimama katikati ya vumbi la manjano wakitabasamu.

Baada ya usafi huja praima, na baada ya praima msasa laini tena, na ndipo rangi. Chombo cha kupulizia rangi kina asili ambayo wengi hawaijui: Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, jimbo la Ohio, alitibu wagonjwa wa koo na pua, akabuni katika miaka ya 1880 kichupa cha kupuliza dawa kwa matone madogo ili isilazimu kupaka koo kwa pamba, na mwanawe Thomas, mwaka 1907, aliigeuza hikima hiyo ya tabibu kuwa bomba la kupulizia rangi. Mkono wa mpulizaji hupita sambamba na bati, haukaribii wala kujitenga, na kila mpito hufunika nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza huwa jepesi kama ukungu, huachwa likaanza kunata, ndipo lifuate la pili lililo zito. Rangi ikiwa nzito kupita kiasi, au hewa ikiwa ya joto na kavu, hukauka kabla ya kujilaza, uso ukabaki na vitundu vitundu. Ikiwa nyepesi mno, humwagika na kufanya michirizi. Rangi za kisasa hugandishwa kwa dawa ambayo hukipa chombo mng'ao na nguvu, lakini moshi wake huharibu mapafu, na yeye asiye na barakoa yenye hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje ni heri atumie rangi ya enameli ya kawaida na kuvumilia siku zake za kukauka.

Hapa ndipo panapozuka hoja kati ya wapenzi wa mambo haya. Kiwandani, mwaka 1963, mfanyakazi aliyasimamia matrekta mengi kwa siku, akapuliza rangi juu ya bolti, waya na yote yaliyokuwa mbele yake, na michirizi ikaachwa palepale. Mtu wa leo anayepiga msasa kila bati mpaka likawa kioo analirudisha trekta katika hali ambayo halijapata kuwa nayo. Wengine humlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, maadam trekta lilimfikia likiwa limevuliwa rangi yake yote na kutu. Lakini likimfikia na rangi ya kiwandani ingali imeshika, hata kama imefifia na kukwaruzwa na kisigino cha mwenyewe wa kwanza alipokuwa akipanda, naona ni dhulumu kuifuta. Mkwaruzo ule haupatikani katika kopo lolote la rangi.

Na kwa ajili ya yale matrekta ya John Deere ya 1969 hadi 1971, mwenye kupewa trekta la kijani la miaka hiyo asitie dawa ya kuondoa rangi kabla ya kutazama. Na atwae msasa laini sana wenye maji, aanzie ndani ya boneti, chini ya kiti na nyuma ya ubao wa vipimo, mahali ambapo mpulizaji wa dukani alikuwa na haraka na hakufika vizuri, asugue kwa duara dogo lisilozidi sarafu. Kijani kikiondoka na nyeupe ikajitokeza, na juu ya boneti buluu au wekundu, basi amepata rangi mbili zenye haki: ile ambayo kampuni ilimchagulia mteja asiyekuja, na ile ambayo wakala aliitia ili trekta liondoke dukani. Wengi hukimbilia kuiondoa kijani yote, na sina budi kukiri kwamba macho yangu pia hupenda buluu ile juu ya mwili mweupe. Hata hivyo ningelipewa mimi trekta hilo, ningeliirudisha buluu kwa nje kote, na kwa ndani ya boneti ningeliacha ukanda wa kijani cha wakala upana wa kiganja, nikaufunika kwa vanishi isiyo na rangi, na kando yake nikaandika kwa brashi nyembamba mwaka wa trekta na mwaka lilipofunguliwa, ili fundi atakayeliondoa boneti hilo baada yangu akute maelezo yake palepale.